Mipira ya zamani ya snuka: namna ya kujua kama seti bado ni seti

Swali: Fundi, klabu moja ya zamani hapa Mombasa imefunga chumba chake cha biliadi, nikapewa sanduku la mbao lenye mipira 22 ya snuka. Pembeni mwa sanduku kuna mingine mitatu mikongwe zaidi: miwili ilikuwa myeupe sasa imegeuka manjano, na mmoja mwekundu. Vijana wetu wanataka kuitumia kwenye mashindano ya mtaa. Mwenzangu mmoja anasema mipira ya zamani ni bora kuliko ya sasa, mwingine anasema imekwisha, tutafute mipya. Nitaipimaje nijue ukweli? Na ile mitatu, ni pembe za ndovu kweli?

Jibu: Ndugu yangu, ubishi wa wenzako hautakwisha kwa sababu wote wawili wanazungumzia mpira mmoja mmoja. Mpira wa snuka hauna ubora wake peke yake. Ubora wake ni kulingana na wenzake 21 kwa ukubwa, kwa uzito na kwa namna unavyoruka ukigongwa. Nimewahi kupima seti zilizokwaruzika kiasi cha kutia huruma, rangi zimefifia, lakini zinalingana na meza inacheza vizuri. Nimepima pia seti zinazong'aa ambazo ndani yake mna mipira ya familia tatu tofauti. Macho hayatakuambia ipi ni ipi. Maikromita, yaani kifaa cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa, na mizani vitakuambia, mradi usomaji wa kimoja usiutenge na wa kingine.

Lakini tuanze na ile mitatu, maana kuna jambo la sheria na jambo la usalama. Miwili myeupe na mmoja mwekundu ni seti ya biliadi ya Kiingereza, ule mchezo uliotangulia snuka. Kipenyo chake cha kawaida kilikuwa inchi 2 na sehemu 1 ya 16, karibu milimita 52.4, kwa hiyo ukubwa hautakusaidia kuitenganisha na ile 22. Tafuta alama. Mpira wa pembe ulikerezwa katikati ya jino la ndovu, mshipa wa neva ukipita kwenye kitovu chake. Ndiyo maana mafundi walipendelea meno madogo yaliyonyooka, mengi yakiwa ya ndovu jike. Chukua kioo cha kukuzia, ugeuze mpira polepole karibu na dirisha. Kama ni pembe, utaona sehemu mbili zinazotazamana, kila moja ikiwa na kitone kidogo cheusi au cha kahawia. Kukizunguka kuna mistari hafifu iliyopinda, inayokatana kama ufumaji wa mkeka. Kwa ndovu, karibu na ukingo wa nje wa jino, mistari hiyo hukatana kwa pembe butu inayozidi nyuzi 115. Ubavuni mwa mpira mistari hiyo hupotea, na badala yake huonekana nyuzinyuzi zinazokwenda sambamba. Seluloidi, plastiki ya zamani iliyotengenezwa kuiga pembe, nayo ina mistari sambamba, lakini imenyooka mno, imepangika mno, na haikatani popote. Taa ya zambarau wanayokagulia noti itasaidia kidogo, kwa kuwa pembe hung'aa kwa weupe wenye ubuluu. Uchukue huo kama ushahidi wa kusindikiza tu.

Usichome sindano ya moto. Najua utashauriwa hivyo, kwamba pembe haiyeyuki na plastiki inayeyuka. Kama mpira ni wa seluloidi, umeupelekea moto nitroselulosi, jamaa wa karibu wa baruti. Badala yake usugue kwa kidole gumba mpaka upate joto, kisha unuse. Seluloidi hutoa harufu ya kafuri, ile karafuu maiti tunayoijua sote Pwani, kwa sababu kafuri ndiyo iliyotumika kuilainisha nitroselulosi ilipotengenezwa. Unuse hivyohivyo na ile mipira 22, maana mipira mingi ya Kiingereza ya nusu ya kwanza ya karne iliyopita, ikiwemo ya chapa ya Crystalate, ilitokana na nitroselulosi. Ukipata harufu hiyo, usiifungie mipira kwenye sanduku lisilopitisha hewa, usiiweke juani, wala usiiache ikigusana na vyuma. Seluloidi inayozeeka hutoa mvuke wa asidi, na mvuke huo huozesha hata mipira mizima iliyo jirani.

Ikithibitika kuwa ni pembe, usiuze, usimpe mtu zawadi, wala usivuke nayo mpaka. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilizuiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa uamuzi wa 1989, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inahesabu kumiliki nyara bila kibali kuwa ni kosa. Kusema umepewa na klabu hakukuondolei wajibu. Wapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, uwaeleze vilikotoka vitu hivi na vilivyokufikia, ufuate watakalosema. Nakuhimiza hili kwa uzito kwa sababu mipira ya namna hii imebeba historia yetu. Katika karne ya 19, pembe laini za Afrika Mashariki zilibebwa mabegani na watu, wengi wao wasio huru, kutoka bara mpaka Bagamoyo na Unguja. Kutoka hapo zilipelekwa Ulaya na Marekani kukerezwa vibonyezo vya piano, vitana na mipira ya biliadi. Jino moja lilitoa mipira michache tu. Pembe ilipoadimika na kupanda bei, kampuni ya Phelan na Collender ya New York ikatangaza katika miaka ya 1860 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. Utafiti wa John Wesley Hyatt uliofuata ndio uliozaa seluloidi, akapata hataza yake 1870. Bakelite, plastiki ngumu ya Leo Baekeland, ilikuja 1907, na kutoka kwenye ukoo huo wa resini ya fenoliki ndiko iliko mipira mizuri ya leo, kama Aramith inayotengenezwa na Saluc ya Ubelgiji.

Hata usipozingatia sheria, pembe haifai kwa mashindano. Hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa, na hunywea upande wa upana wa jino kuliko upande wa urefu, hivyo mpira uliokuwa mviringo kamili huwa yai. Katika hewa ya Mombasa, mpira wa pembe uliopimwa wakati wa masika hauna vipimo vilevile wakati wa kaskazi. Kwa hiyo mitatu ile iache ilipo, turudi kwenye ile 22.

Isafishe kwanza, maana utando wa chaki na mafuta ya mikono unaweza kuongeza milimita 0.01 au 0.02 kwenye kipenyo. Kama haina harufu ya kafuri, tumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, uikaushe papo hapo kwa kitambaa laini. Kama inayo, kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Usitumie dawa yoyote ya kung'arishia yenye chembe za kukwangua kabla ya kupima, kwani utakuwa unafuta ushahidi. Kisha iache mipira usiku kucha chumba kimoja na vifaa vyako. Tofauti ya nyuzi 10 za joto hubadili kipenyo kwa kiasi ambacho maikromita hukiona, na kuukumbatia mpira mkononi wakati wa kupima ni kuupasha.

Sasa vifaa. Kalipa ya kawaida ya venia haitoshi. Kanuni za snuka zinataka kipenyo cha milimita 52.5, kisizidi wala kupungua kwa zaidi ya 0.05. Kalipa inayosoma 0.02 au 0.05, ikiwa mikononi mwa mtu anayebana kila mara kwa nguvu tofauti, haiwezi kuamua jambo dogo hivyo. Azima maikromita ya milimita 50 hadi 75 kwa fundi yeyote wa leizi. Huja na kipande cha chuma cha milimita 50 kamili cha kuihakikishia, nawe uikague nacho kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Zungusha kwa kutumia kile kichwa kidogo cha nyuma kinacholia tik tik, usizungushe pipa lenyewe, ili kila mpira ubanwe kwa nguvu ileile. Kwa uzito, nenda kwa sonara. Mizani yake husoma hadi gramu 0.01, naye ana mawe ya mizani ya kuihakikisha. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima usihangaike nayo.

Kabla ya kupima seti, jipime wewe. Chukua mpira mmoja, upime mara kumi mahali palepale, ukiutoa na kuurudisha kila mara. Kama masomo yako yanatofautiana kwa 0.01, endelea. Kama yanatofautiana kwa 0.04, huna uwezo bado wa kusema mpira fulani umevuka 0.05, na lolote utakaloandika litakuwa tabia ya mkono wako. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo chanzo cha mabishano mengi ya vipimo niliyowahi kuyaona.

Sasa pima kila mpira kwa mielekeo mitatu inayokatana kwa pembe mraba, uandike yote matatu kwenye daftari. Usiandike wastani peke yake, maana wastani huficha. Mpira wenye 52.48, 52.47 na 52.48 ni mzima. Wenye 52.55, 52.50 na 52.38 una wastani wa kupendeza, lakini ni yai. Kando ya kila mpira andika uzito wake. Ukimaliza wote, rudia mitano ya kwanza uone kama mkono haujahama.

Hapo ndipo kazi ya kufikiri inapoanza. Ujazo wa tufe hufuata kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo upungufu mdogo wa kipenyo huonekana sana kwenye uzito. Kwa mpira wa milimita 52.5 wenye gramu 140, kila 0.1 ya milimita iliyoliwa ni gramu 0.8 iliyopotea. Tuseme mpira wako wa waridi una 52.49 na gramu 139.9, na wa buluu una 52.31 na gramu 138.4. Ukiangalia mizani tu utasema buluu ni mwepesi, una kasoro. Piga hesabu: gawa 52.31 kwa 52.49, chukua jibu mara jibu mara jibu, kisha zidisha kwa 139.9. Utapata gramu 138.5. Buluu basi ni ndugu halisi wa waridi, umeliwa tu na miaka. Sasa tuseme mweusi una 52.48 na gramu 134.6. Kwa ukubwa huo ulipaswa kuwa karibu gramu 139.8. Gramu tano hazikuliwa na kitambaa cha meza. Mpira ule ulitengenezwa kwa mchanganyiko mwingine; pengine wa asili ulipotea na mtu akanunua mwingine wa rangi hiyo. Bila vipimo viwili pamoja usingeijua tofauti ya mpira uliozeeka na mpira mgeni.

Kanuni zinaruhusu mipira ya seti moja kutofautiana kwa gramu 3. Mimi naona hiyo ni huruma kubwa. Mpira mweupe wa gramu 140 ukigonga wa 137 katikati kabisa, hubaki na mwendo wa ziada wa kama asilimia 1 ya kasi yake, jambo ambalo mchezaji wa mtaani hatalihisi. Lakini ikifika tofauti ya gramu 10, ziada hiyo inakaribia asilimia 4. Mpira mweupe uliotakiwa kusimama pale pale utajiburuta mbele, na kijana atadhani mkono wake ndio mbovu. Kwa mashindano yenu ningekubali gramu 3, ila ningejitahidi mipira 15 myekundu iwe ndani ya gramu 2, kwa sababu wingi wake ndio unaojenga mazoea ya mchezaji.

Kuna kasoro moja ambayo maikromita haiwezi kuiona hata ukipima mara mia. Umbo linaweza kuwa na upana uleule kila ulibanapo kati ya taya mbili, na bado lisiwe duara. Sarafu ya peni 50 ya Uingereza ina pande saba, lakini upana wake haubadiliki ukiizungusha. Mpira uliokerezwa au kusagwa vibaya huweza kuwa hivyo, ukadunda chinichini unapobingirika ilhali namba zake zote ni safi. Dawa yake ni kuukalisha mpira kwenye pete yenye gololi tatu ndogo za beringi zilizogandishwa kwa umbali sawa, kisha kushusha juu yake geji ya saa inayosoma 0.01. Zungusha mpira pole pole kwa ncha ya kidole, huku na huku, ukitazama mshale. Ukiyumba chini ya 0.03, sina neno. Ukiyumba 0.08, mpira huo usiwe mweupe hata kidogo.

Kuhusu mizani ya ndani, yaani kama upande mmoja wa mpira ni mzito kuliko mwingine, utaambiwa uuelezeshe kwenye maji ya chumvi. Jaribio hilo linafaa kwa mipira ya gofu. Maji yaliyoshiba chumvi yana gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, mpira wa biliadi unapita 1.7, kwa hiyo utazama tu kama jiwe na hutajifunza lolote. Tumia kioo kinene cha meza, angalau mita moja, ukisawazishe kwa pima maji. Tengeneza kijimfereji kifupi cha kuteremshia mpira ili kila mara uanze kwa kasi ileile, na iwe kasi ndogo, maana kasoro hii hujitokeza mpira unapokaribia kusimama. Tia alama ndogo ya kalamu inayofutika. Teremsha mpira alama ikiwa kushoto, kisha ikiwa kulia, kisha juu. Mpira ukipinda upande uleule kila mara, kioo ndicho kimeinama. Ukifuata alama, ukipinda kushoto alama ikiwa kushoto na kulia ikiwa kulia, mpira una upande mzito. Ufa wa ndani, kiputo cha hewa au kiraka cha zamani huleta hilo.

Mwisho ni mruko. Hili ni kwa mipira ya fenoliki tu. Usiidondoshe ya seluloidi, na ya pembe usiiguse. Dondosha mpira kutoka sentimita 10 kwenye bamba nene la granaiti huku simu ikirekodi sauti. Fungua rekodi kwenye programu yoyote inayoonyesha mawimbi ya sauti, upime muda kati ya mdundo wa kwanza na wa pili, kisha kati ya wa pili na wa tatu. Gawa muda wa pili kwa wa kwanza. Ukipata sekunde 0.262 na 0.241, mruko ni 0.92. Namba yenyewe inategemea bamba lako, kwa hiyo usiilinganishe na ya mtu mwingine. Linganisha mipira yako kwa yenyewe, kila mmoja mara tano. Mpira wenye 0.92 kati ya wenzake wa 0.92 ni sawa. Wenye 0.86 huenda una ufa usioonekana, na mara nyingi hata sikio litausikia, kwani hulia kwa sauti iliyokufa.

Ukishakuwa na daftari lako, anza kuamulia mpira mweupe. Huo hugongwa kila pigo, kwa hiyo ndio unaoliwa haraka kuliko wote, na nategemea utaukuta mdogo kuliko mingine. Hapa usikimbilie dukani. Kama myekundu yako imeshuka mpaka 52.3, mweupe mpya wa 52.5 utakuwa mkubwa kuliko yote na mzito kwa zaidi ya gramu moja na nusu. Utakuwa pia ukiigonga juu kidogo ya usawa wa vitovu vyao, nawe utakuwa umenunua kutolingana. Ulizia kwenye vyumba vingine vya snuka kama kuna anayehifadhi mweupe wa seti iliyochakaa, nenda na maikromita mfukoni, utafute wa 52.3 wenye uzito unaoelekeana na hesabu ya ukubwa wake. Mweusi mgeni ubadilishe kwa njia hiyohiyo. Na ukikuta zaidi ya mipira mitano au sita haipatani na familia, hapo nakubaliana na mwenzako wa pili: kusanyeni fedha za seti mpya ya fenoliki, na kabla ya kulipa mwombe muuzaji aipime mipira yote mbele yenu kwenye mizani ya sonara.